Matunzo ya Paka Mzee Mwenye Maradhi ya Njia ya Hewa: Mwongozo kwa Wafugaji wa Levolosi, Arusha

Paka aliyetimiza miaka 10 huhesabiwa na wataalamu wa tiba ya wanyama kuwa ameingia uzeeni, na akifika miaka 15 hulinganishwa na binadamu wa miaka 70 na ushee. Katika umri huo kinga ya mwili hupungua, meno huoza, misuli hukonda, na maradhi ya pua, koo na mapafu ambayo paka kijana huyashinda kwa siku chache huanza kurudi tena na tena, kila mara yakimwacha mnyama amedhoofu kidogo kuliko awali. Mwongozo huu unamhusu paka wa namna hiyo anayeishi Levolosi na kata jirani za Jiji la Arusha, ambako paka wengi hufugwa kwa sababu ya panya, ambako huduma za mifugo zimezoea zaidi ng'ombe na mbuzi, na ambako hewa ya chini, ile anayoivuta mnyama alalaye sakafuni, huchanganya vumbi la barabara, moshi wa mkaa na baridi inayoshuka kutoka Mlima Meru. Maradhi yanayorudi kwa paka mzee mara nyingi hayaponi yakaisha, bali hudhibitiwa, na sehemu kubwa ya udhibiti huo hufanyika nyumbani, mikononi mwa mtu anayejua paka wake hupumuaje akiwa mzima.

Pua na kifua

Jambo la kwanza ni kutenganisha mahali ugonjwa ulipo. Njia ya hewa ya juu ni pua, mapango ya ndani ya fuvu yaliyounganika nayo, na koo; njia ya hewa ya chini ni bomba la hewa, matawi yake yaingiayo mapafuni, na mapafu yenyewe. Paka mwenye ugonjwa wa juu hupiga chafya, hutokwa na makamasi na machozi, hukoroma hata akiwa macho, na huacha chakula kwa sababu hasikii harufu yake. Mwenye ugonjwa wa chini hukohoa, hupumua haraka au kwa kusukuma tumbo, na huchoka baada ya hatua chache. Ugonjwa wa juu husumbua kwa muda mrefu lakini huua kwa nadra. Wa chini unaweza kuua usiku mmoja.

Kikohozi cha paka huwapotosha wengi. Mnyama huchuchumaa, hushusha kifua hadi karibu kiguse sakafu, hunyoosha shingo mbele, hutoa mlio mkavu wa kukereketa mara kadhaa mfululizo, kisha humeza mate na kuondoka kana kwamba hapakuwa na jambo. Watu wa nyumbani husema amekwamwa na mwiba wa samaki au anataka kutapika manyoya aliyoyalamba. Anayetapika, hata hivyo, hatimaye hutoa kitu, ilhali paka anayerudia kitendo hicho wiki baada ya wiki bila kutoa chochote anakohoa, na kikohozi si kitu cha kawaida kwa paka wa umri wowote.

Katika ugonjwa wa juu unaorudi, mhusika mkuu ni virusi vya herpesi vya paka, ambavyo haviambukizi binadamu. Paka akishaambukizwa, mara nyingi akiwa bado ananyonya, virusi hujificha katika mishipa ya fahamu ya uso na kubaki humo maisha yake yote, vikisubiri kinga ilegee. Kalisivirusi, virusi vingine vya mafua ya paka, hutambulika zaidi kwa vidonda vya ulimi na fizi zilizovimba. Jamii ya paka kwa ujumla imezoeana na virusi hivi: uchunguzi wa damu za simba wa Afrika Mashariki, wakiwemo wa Serengeti, uliochapishwa miaka ya 1990, ulionyesha kwamba karibu simba wote walikuwa wamekwisha kukutana na virusi vya herpesi. Chanjo hupunguza ukali wa ugonjwa lakini haivifukuzi virusi vilivyokwisha kuingia, hivyo paka aliyechanjwa anaweza bado kupata mafua, na mfugaji asiilaumu chanjo kwa hilo.

Kinachoviamsha virusi vya herpesi ni msukosuko, yaani badiliko lolote linalomtia paka hofu au uchovu, na dalili huonekana takribani wiki moja baadaye, wakati mwenye paka amekwisha kusahau kilichotokea. Mfano ulio karibu na wakazi wa Arusha ni mwezi Desemba, familia nyingi zinapofunga nyumba kwenda Moshi, Rombo au Mbulu kwa sikukuu, na paka huachiwa jirani au huhamishiwa nyumba nyingine. Familia ikirudi baada ya Mwaka Mpya humkuta paka na macho yaliyogandamana na pua iliyoziba, na lawama humwangukia jirani. Paka mzee asihamishwe. Ni heri mtu aje kumlisha pale pale alipozoea, kwenye bakuli lake na tandiko lake lisilofuliwa, kuliko apelekwe kwenye nyumba nzuri zaidi asiyoijua.

Paka aliyeugua mafua makali utotoni anaweza kubaki na mifupa laini ya ndani ya pua iliyoharibika, na hapo hujengeka kamasi sugu ambayo bakteria huishambulia kila mara. Huyo ndiye paka anayeitwa na majirani "mwenye mafua ya kudumu". Makamasi yake hutoka matundu yote mawili. Makamasi yanayotoka tundu moja tu, hasa yakiwa na damu au uso ukianza kuvimba upande mmoja, ni habari nyingine: kwa paka mzee hudokeza uvimbe wa saratani ndani ya pua, jipu kwenye mzizi wa chonge la juu, ambao umetenganishwa na pua kwa mfupa mwembamba, au jani la nyasi lililokwama nyuma ya koo. Paka wa aina hii hasubirishwi wiki mbili za kujaribu dawa.

Upande wa kifua kuna pumu, ambayo ni kubana kwa vijia vya hewa kunakosababishwa na mwili kukichukia kitu kinachovutwa. Kuna bronkaitisi sugu, ambayo ni uvimbe wa kudumu wa vijia hivyo hivyo. Na kuna minyoo ya mapafu, ambayo katika mazingira ya Meru inastahili kufikiriwa kuliko inavyofikiriwa. Mnyoo huu hukulia ndani ya konokono, na paka huupata kwa kula konokono mwenyewe au, mara nyingi zaidi, kwa kula panya, mjusi au ndege aliyemla konokono. Bustani za migomba na mboga zilizo na unyevu wakati wa masika humpa konokono makao mazuri, na paka mwindaji hawezi kuzuiwa asile anachokikamata. Maziwa mabichi nayo yanaweza kubeba bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, na paka huambukizwa kwa kuyanywa; maziwa yanayochemshwa kwa ajili ya watu yachemshwe pia kwa ajili yake.

Mwisho kuna maradhi ambayo si ya mapafu lakini hujionyesha kwenye pumzi. Moyo ukidhoofika, maji hujaa mapafuni au kuyazunguka, na paka hupumua haraka bila kukohoa. Kwa mbwa ugonjwa wa moyo huambatana na kikohozi, kwa paka ni nadra. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, maradhi ya kawaida ya uzeeni, humfanya paka ale sana, akonde na kuhema.

Saa, mizani na daftari

Kipimo chenye thamani kuliko vyote hakigharimu chochote. Paka akiwa usingizini, mtu hutazama ubavu wake ukipanda na kushuka, huhesabu kupanda na kushuka kuwa pumzi moja, na huhesabu kwa dakika nzima kwa kutumia saa ya simu. Paka mzima aliyelala hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Kisichohesabika ni pumzi za paka anayekoroma kwa raha, yaani ule mngurumo wa kooni, wala za paka aliyetoka kukimbia au anayenusa kitu. Hesabu ifanywe kwa siku kadhaa akiwa katika hali nzuri na iandikwe kwenye daftari, kwa sababu paka ambaye kawaida yake ni pumzi 18 na leo anapumua mara 32 ametoa taarifa ambayo daktari hawezi kuipata akiwa ofisini, ambako kila paka hupumua haraka kwa hofu. Pumzi zikizidi 30 usingizini kwa mihesabu miwili au mitatu inayofuatana, daktari aarifiwe siku hiyo hiyo. Zikizidi 40, safari ianze.

Uzito hupimwa kila wiki mbili. Mizani ya jikoni au ile ya duka la jirani hutosha: beseni hupimwa tupu, kisha likiwa na paka, na tofauti huandikwa. Paka wa kilo 4 aliyepungua gramu 400 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, na upungufu huo hauonekani kwa macho kwa sababu manyoya huficha. Mkono unaopitishwa juu ya uti wa mgongo huuona kabla ya jicho. Kwenye daftari hilo hilo huandikwa pia alichokula, mara alizokohoa, rangi ya makamasi, na jambo lolote lisilo la kawaida lililotokea nyumbani, kama wageni, kupaka rangi au jirani kuchoma taka. Baada ya miezi michache daftari huanza kuonyesha mwelekeo ambao kumbukumbu peke yake isingeushika. Vilevile kikohozi kirekodiwe kwa simu, kwa maana paka hawezi kuombwa akohoe mbele ya daktari.

Hewa ya nyumba

Paka hulala chini na huvuta hewa ya chini. Katika nyumba za kupanga za Levolosi, ambako vyumba kadhaa hutazamana kwenye ua mmoja na majiko huwashwa korido, mfugaji anaweza kuwa hana mamlaka juu ya moshi wa jirani, lakini ana mamlaka juu ya mahali paka wake anapolala wakati wa kupika. Jiko la mkaa liwashwe nje na liingizwe, ikiwa ni lazima, baada ya kuacha kutoa moshi. Katika Juni na Julai, usiku wa Arusha unaposhuka hadi karibu nyuzi joto 12, wapo wanaoingiza jiko chumbani ili kupata joto na kufunga madirisha. Jambo hilo halifai kamwe, kwa kuwa mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo imekwisha kuua watu na haiwezi kumwacha paka. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na nyumba yenye mgonjwa wa pumu, awe mtu au paka, ina sababu ya kutosubiri mwaka huo.

Moshi wa mkaa si adui pekee. Koili za kufukuza mbu, udi, ubani, manukato ya kupuliza, sigara na dawa za kupuliza mende humpata paka mara mbili, kwanza kwa kuvuta, kisha kwa kulamba chembe zilizotua kwenye manyoya yake; chandarua humkinga binadamu dhidi ya mbu bila kumdhuru mnyama. Choo cha paka nacho huchunguzwa. Wengi hutumia majivu ya jikoni kwa sababu yanapatikana bure na yanaua harufu, na wengine vumbi la mbao kutoka kwa mafundi seremala, lakini kila paka anapofukua huinua wingu jepesi mbele ya pua yake mwenyewe. Mchanga mnene uliooshwa na kukaushwa juani unafaa zaidi, na maranda makubwa yaliyochekechwa vumbi yanafaa pia.

Dhidi ya baridi hutosha boksi la katoni lililowekwa juu ya kiti au meza fupi, mbali na mlango, likiwa na blanketi kuukuu ndani na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa. Urefu wa boksi usizidi hatua ambayo paka mwenye viungo vikavu anaweza kuipanda. Vumbi la miezi ya kiangazi hupunguzwa kwa kudeki badala ya kufagia kwa ufagio mkavu paka akiwa ndani.

Chakula na maji

Paka hula kwa pua. Harufu ikikatika, hamu hukatika, na paka anayekaa siku mbili au tatu bila kula yuko katika hatari ya mafuta kujazana kwenye ini hadi lishindwe kufanya kazi, ugonjwa unaoweza kumuua hata baada ya mafua kuisha. Kwa hiyo pua husafishwa kabla ya chakula: pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu hulainisha ukoko wa makamasi, hupanguswa taratibu kutoka ndani ya uso kwenda nje, na pamba hubadilishwa kwa kila jicho na kila tundu. Maji ya chumvi ya dripu yanayouzwa maduka ya dawa yanaweza kudondoshwa tone moja au mawili katika kila tundu ikiwa paka huvumilia. Asiyevumilia asilazimishwe, maana mapambano humchosha kuliko kamasi.

Chakula kipashwe moto hadi kifikie joto la mwili, yaani kisiunguze ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono. Dagaa wa Mwanza wanaouzwa Soko la Kilombero wana faida ya harufu kali, ambayo ndiyo paka aliyeziba anaihitaji. Waoshwe mara kadhaa hadi mchanga utoke chini ya beseni, wachemshwe bila chumvi, wapondwe kwa mwiko, na supu yao ichanganywe humo humo. Samaki mbichi hawafai kuwa chakula cha kila siku, kwa kuwa baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mchuzi wa nyumbani nao hautolewi, kwa sababu vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na paka mwenye mapafu mabovu hana damu ya kupoteza.

Ugali kwa maziwa, mlo wa paka wengi wa Arusha, hujaza tumbo tu. Paka ni mla nyama wa asili, na mwili wake hauwezi kutengeneza kiasi cha kutosha cha taurini, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki. Mwaka 1987 daktari Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California walionyesha kwamba ukosefu wa taurini hutanua na kudhoofisha moyo wa paka. Nyama kidogo, mioyo ya kuku, dagaa na yai lililopikwa vizungushwe kwa zamu. Maini yatolewe mara moja au mbili kwa wiki tu, maana vitamini A ikizidi huharibu mifupa ya shingo. Chakula cha kopo kinafaa kwa anayekimudu.

Maji hulainisha kamasi, hivyo mabakuli yawe mawili au matatu, mahali tofauti, mbali na choo. Maji ya sehemu nyingi za miteremko ya Meru yana madini ya floraidi mengi kutokana na miamba ya volkano, kama meno ya kahawia ya wakazi wengi yanavyoshuhudia. Nyumba inayotumia maji yaliyochujwa kwa watoto itumie hayo hayo kwa paka.

Dawa, na zisizo dawa

Panadol huua paka. Sentensi hiyo inafaa kuandikwa kwenye kabati la dawa, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli, na kidonge kimoja hutosha kuibadili damu yake isiweze kubeba oksijeni. Fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba, na mwenye paka hudhani mafua yamezidi. Dawa za mafua za binadamu zenye parasetamoli ndani yake, ibuprofeni na diklofenaki haziruhusiwi kabisa. Dawa za kupe za mbwa zenye pamethrini na dawa za kuogeshea ng'ombe nazo ni sumu kwake.

Kujifukiza kwa nyungu, ambako Watanzania walikukumbatia upya mwaka 2020, hakuhamishiwi kwa paka. Mafuta ya majani ya mkaratusi, mchaichai na menthol humdhuru akiyavuta au kuyalamba, na kufunikwa blanketi juu ya sufuria ya moto humtia hofu inayoongeza pumzi. Kinachofaa ni mvuke wa maji matupu: ndoo ya maji ya moto huwekwa bafuni, ikafunikwa nusu ili asitumbukie, mlango ukafungwa, na mtu akakaa naye kwa dakika 10 hadi 15, mara moja au mbili kwa siku. Hilo ni la pua iliyoziba tu. Paka anayehema hafungiwi bafuni.

Suala gumu zaidi ni viuavijasumu, yaani antibayotiki. Mji wenye maduka mengi ya dawa za mifugo una kishawishi chake: mtu hueleza kwamba paka ana mafua, na hurudi nyumbani na bomba la sindano lenye oksitetrasaiklini iliyokusudiwa ng'ombe. Virusi haviuawi na dawa hiyo, pumu haiisikii, minyoo haiisikii, na bakteria wanaobaki hujifunza kuishinda. Daktari akiona bakteria wameshambulia, mara nyingi huchagua dokisisaiklini ya vidonge, na hapo ipo hatari moja isiyojulikana sana: kidonge hicho kikikwama kwenye umio huuchoma na kuacha kovu linaloubana, kwa hiyo kila kidonge hufuatiwa na mililita 5 au 6 za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au na kijiko cha supu.

Pumu na bronkaitisi sugu hutibiwa kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe. Kinga ya mwili hushuka kwa dawa hiyo hiyo, na virusi vya herpesi vilivyolala huweza kuamka. Sukari ya damu hupanda. Moyo dhaifu huweza kuelemewa. Ndiyo maana dawa inayompa nafuu ya ajabu paka wa jirani haiazimwi, na ndiyo maana pia haikatishwi ghafla siku paka anapoonekana amepona, bali hupunguzwa taratibu kwa ratiba ya daktari. Njia yenye madhara madogo ni dawa ya kuvuta, kama flutikasoni, inayopulizwa ndani ya kopo maalumu lenye kinyago kinachofunika pua na mdomo wa paka, naye akavuta pumzi 7 hadi 10. Paka huzoeshwa kinyago kwanza bila dawa, kwa siku kadhaa, akizawadiwa kipande cha samaki. Flutikasoni huchukua wiki moja hadi mbili kabla ya kufanya kazi kikamilifu, na kwa hiyo haimwokoi paka aliyebanwa sasa hivi. Anayebanwa hupewa salbutamoli, ile dawa ya kutanua vijia ambayo wagonjwa wa pumu wengi huwa nayo mfukoni, kwa kipimo alichokiandika daktari mapema. Unga wa laisini, unaosifiwa sana kwa mafua ya paka, haukuonyesha faida ulipofanyiwa tathmini, na fedha yake inunuliwe samaki.

Kumfikia daktari

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, iliyounda Baraza la Veterinari Tanzania, inatofautisha daktari wa mifugo aliyesajiliwa, mwenye shahada kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na wataalamu wasaidizi wenye stashahada au cheti, ambao wananchi huwaita bwana mifugo. Bwana mifugo wa kata ni msaada mkubwa kwa chanjo ya kichaa cha mbwa na ushauri wa kwanza, lakini kikohozi sugu cha paka mzee kinahitaji daktari, na mfugaji ana haki ya kuuliza kama anayemhudumia amesajiliwa. Inafaa pia kuuliza kwa simu kabla ya safari kama kliniki ina mashine ya eksirei na hewa ya oksijeni, na kama huhudumia paka mara kwa mara.

Uchunguzi wenye maana kwa gharama ndogo ni wa kinyesi. Kinyesi kibichi cha siku hiyo huning'inizwa katika shashi ndani ya maji ya uvuguvugu usiku kucha, na viluwiluwi wa minyoo ya mapafu, wakiwepo, hutoka na kuzama chini, wakaonekana kwa hadubini. Daktari anaweza kuomba kipimo hicho kwenye maabara, ikiwemo Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo ina kituo Arusha. Baada ya hapo hufuata eksirei ya kifua na vipimo vya damu. Uchunguzi wa pua kwa kumlaza kwa dawa una hatari kwa paka mzee, na mfugaji anaweza kumwuliza daktari swali la haki: je, jibu la kipimo hiki litabadilisha matibabu? Kama halitabadilisha, kipimo kinaweza kuachwa.

Safari yenyewe ni msukosuko. Kikapu chenye mfuniko au tenga dogo la kuku liachwe wazi nyumbani kwa siku kadhaa likiwa na tandiko lake. Siku ya safari lifunikwe kanga nyepesi inayopitisha hewa, na bajaji ichaguliwe badala ya bodaboda. Mtu akikwaruzwa au kuumwa katika purukushani hizo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende Kituo cha Afya cha Levolosi au kingine kilicho karibu siku hiyo hiyo, hata kama paka anajulikana.

Zipo dalili ambazo hazingoji kupambazuka: paka anayepumua kwa mdomo wazi akiwa ametulia, anayekaa ameinama na viwiko vimetanuka asitake kulala ubavu, ambaye fizi zake ni za kijivu au za bluu, au ambaye tumbo lake linavutwa ndani kila apumuapo. Paka huyo hashikwi kwa nguvu, hanyweshwi kitu, wala hageuzwi chali. Huwekwa kwenye kikapu chake mahali penye hewa na kupelekwa, na daktari hupigiwa simu njiani ili aandae oksijeni.

Hufika pia wakati ambapo dawa zinatolewa kwa ukamilifu na paka bado anahema, hali, hajilambi manyoya, na anajificha chini ya kitanda siku nzima. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwajibisha mwenye mnyama kumtunza, na kumwacha paka wa namna hiyo afe kwa kukosa hewa kwa siku tatu, au kumtoa usiku na kumtelekeza sokoni, hakuwezi kuitwa matunzo. Daktari anaweza kumpumzisha kwa sindano ya usingizi inayozidishwa hadi moyo usimame, baada ya kumtuliza kwanza, na mwenye paka anaweza kuomba hilo lifanyike nyumbani. Mwili wake huzikwa kwenye shimo la kina cha takribani mita moja, mbali na kisima na mahali ambapo mbwa hawawezi kulifukua, kwa kuwa dawa hiyo hubaki nyamani na humuua mnyama mwingine atakayeila.